Uvundo Uliodhaniwa Kupona

Ciakuthii, mjane wa Njue, alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Hilo lazima lisemwe kwanza, ama sivyo msomaji hatapima uzito wa aibu iliyomfika. Alizaliwa Mbeere, katika nyanda kavu za Embu, ambako maji huchotwa mbali na hutumiwa kwa kata. Na labda ndiyo sababu, alipohamia Timau, upande wa Meru, kutafuta kazi katika mashamba ya maua, akayakuta maji yakitiririka bure kutoka mlimani, aliyatumia kama mtu anayelipiza kisasi. Alioga alfajiri kabla ya kazi na alasiri baada ya kazi, hata siku ambazo upepo wa mlima ulikata ngozi kama wembe. Leso zake zilipigwa pasi. Viatu vyake vya mpira, ambavyo wenzake waliviacha na tope mlangoni, yeye alivisugua mpaka soli.

Kazi yake ilikuwa katika banda la kupangia mawaridi. Kwa miaka kumi na mitano alisimama mbele ya meza ndefu, akipukutisha majani ya chini, akipima urefu wa bua, akifunga maua ishirini ishirini, na kutupa lolote lililoonyesha doa la ukungu. Mawaridi yale ya kusafirishwa ng'ambo hayana harufu. Mtu akiyasogeza puani hupata ubaridi tu. Kwa hiyo, katika banda lile, harufu yoyote ile ilikuwa ya mtu.

Ilianza kwa tone. Mwezi wa pili wa mwaka 2017, mwanamke aliyekuwa amekoma hedhi miaka saba iliyopita alikuta damu kwenye nguo yake. Akafua, akanyamaza. Mwezi wa nne yakafuata maji, mepesi kama ya kuoshea nyama. Na mwezi wa tano maji yale yakaanza kunuka. Haikuwa harufu ya jasho wala ya mkojo, ambazo sabuni huziweza. Ulikuwa uvundo wa mnyama aliyefia chini ya sakafu, mtamu kidogo mwishoni, na huo utamu ndio uliomtia kichefuchefu kuliko yote. Alijiwekea vipande vya blanketi kuukuu, akavibadilisha mara tano kwa siku, akavichoma moto nyuma ya choo. Moshi wenyewe ulinuka.

"Jamani, panya amefia wapi humu?" aliuliza Nelius, mpangaji wa meza ya jirani, asubuhi moja, huku akivuta kamasi kwa mbwembwe.

"Panya gani? Huyo ni fisi na ukoo wake," akajibu mwingine.

"Uchunguze mfuko wako, Nelius," Ciakuthii akasema. "Si ulituambia juzi una nyama nyumbani? Labda umekuja nayo."

Banda zima likacheka, na Nelius akacheka kuliko wote. Ciakuthii alicheka pia. Kisha akaomba ruhusa, akaenda kwenye choo cha wafanyakazi, akajisugua kwa sabuni ya unga ya kufulia mpaka akalia kwa uchungu. Alijichukia. Aliuchukia mwili wake kama mtu anavyomchukia mtumishi aliyelala akaacha mlango wazi, wezi wakaingia.

Msomaji atauliza: mbona hakwenda hospitali? Aliazimia kwenda. Mwezi wa sita alijifunga leso mbili, akashuka kwenye kituo cha afya kumwona muuguzi, mama mmoja mtu mzima aliyemwamini. Akakuta karatasi mlangoni. Wauguzi wa nchi nzima walikuwa wamegoma, na mgomo ule ulikuja kudumu miezi mitano. Ndani ya kituo alikuwa amebaki mtu mmoja wa kutibu, tabibu aliyeitwa Marete. Na Marete, mwana wa Wameru wa Kiirua, alikuwa mume wa Kawira, binti pekee wa Ciakuthii.

Hapo ndipo njia ilipoziba. Kwa watu wa Mbeere, kama kwa Wameru wenyewe, kati ya mama mkwe na mkwewe wa kiume kuna ile heshima yenye haya ndani yake wanayoiita nthoni. Wawili hao hawaketi kwenye kitanda kimoja wala hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Mkwe hataji mbele ya mama yule kiungo chochote kilicho chini ya mshipi. Ni mila njema. Imelinda nyumba nyingi zisioze, nami sitakuwa mtu wa kuikejeli. Ciakuthii aliishika kwa ukali wa kwao. Kwa miaka tisa, kila Marete alipomtembelea, aliondoa nguo zake zote kwenye kamba kabla mkwewe hajafika langoni, na akamwandalia chakula akiwa nyuma ya mlango. Sasa mwanamume huyohuyo amfunue? Aligeuka, akapanda kilima kurudi nyumbani, na njiani akajiambia kwamba hata akienda hospitali kubwa ya Meru wataitisha barua ya kituo, na barua ataiandika nani kama si yeye Marete? Hakumuuliza mtu kama ni kweli. Aliyetafuta sababu ya kutokwenda alikuwa ameipata.

Basi akaangukia mikononi mwa Bundi.

Bundi alikuwa na meza ya kukunja, kipaza sauti, na koti jeupe lililokuwa na kola nyeusi kwa uchafu. Kila mwisho wa mwezi alisimama nje ya lango la shamba, akiuza unga wa kijivu ndani ya vikopo, alioubandika jina la Kinga Kuu. Alianza kwa sala na kumalizia kwa sala, na katikati alidanganya. Na huko kulitumia jina la Mwenyezi Mungu kama chambo kwenye ndoana ndiko kunakonitapisha mimi hata leo ninapoandika.

"Akina mama, Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!"

"Mwili una askari. Uwongo?"

"Kweli!"

"Askari wakilala, ugonjwa unaingia. Vidonda, uvimbe, saratani, ile ya matiti, ile ya huko... mnajua huko. Hospitali wanakukata, wanakuchoma, lakini askari wamewaamsha? Hawajawaamsha! Unga huu unapandisha kinga. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Na kwa wale wa huko, unachovya pamba, unaweka mlangoni penyewe. Itawasha. Ikiwasha, hao ni askari wameamka!"

Ciakuthii alinunua. Akanywa kama alivyoambiwa, na akaweka pamba kama alivyoambiwa. Iliunguza kama kaa la moto, naye akauma kona ya shuka na kumshukuru Mungu kwa kila mwako, akiwaona askari wake wakisimama mmoja mmoja. Siku ya nane vikaanza kutoka vipande vya kitu cha kijivu, vyenye utelezi, virefu kama nusu ya kidole, vikinuka kuliko yote yaliyotangulia.

Mwanamke yule, ambaye zamani angeosha mikono kwa kugusa tu kifuniko cha pipa la taka, aliviokota vile vipande kwa kijiti, akavitia ndani ya kopo lenye kifuniko, na mwisho wa mwezi akampelekea Bundi.

Bundi alifungua. Hakukunja hata uso.

"Mizizi!" akapaza sauti kwenye kipaza sauti chake. "Akina mama, njooni mwone! Saratani ina mizizi, na mizizi ndiyo hii inatoka! Mwenyewe simtaji, lakini anapona!"

Wakasukumana kuchungulia. Mmoja akatema mate, mwingine akasema "Bwana asifiwe," na wote wawili wakanunua. Bundi akaomba abaki na lile kopo. Ciakuthii akakubali, alihisi hata fahari kidogo. Kwa hiyo, kwa miezi miwili, nyama iliyooza ya mwanamke mwenye haya kuliko wote wa Timau ilikaa juu ya meza ya biashara, kando ya kitabu cha maombi, ikionyeshwa kwa wapita njia kama mchuuzi wa ng'ombe anavyoonyesha meno ya ndama. Nelius alikuja kuonyeshwa, bila kujua ni ya nani, akarudi bandani akiieleza kwa mikono. Na Ciakuthii akamsikiliza huku akifunga mawaridi.

Kadiri uvundo ulivyozidi, ndivyo alivyozidi kuamini. Alikuwa amefundishwa kuiita dalili ya kifo dalili ya afya, na hakuna udanganyifu mchafu kuliko huo.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alihisi kitu kikiachia ndani yake. Alipotazama chini, viatu vyake vya mpira vilikuwa vimejaa damu mpaka ukingoni. Aliweka fungu la maua mezani taratibu, ua la ishirini likiwa bado mkononi, akaanguka. Pikapu ya shamba ilimkimbiza kwenye kituo cha afya, Nelius akimshikilia kichwa. Huyo Nelius, tuseme haki, hakuziba pua njia nzima.

Marete alitoka mbio, akaona ni nani, akasimama kizingitini kama aliyepigwa msumari.

"Muthoni," Ciakuthii akasema kwa jina la ukwe, macho ameyafumba, "toka humu. Mwite muuguzi."

"Muuguzi yuko kwenye mgomo tangu mwezi wa sita, Mama."

"Basi mwite yule mama anayefagia."

"Anayefagia anajua kufagia."

"Ni afadhali nife."

Marete aligeuka, akaukabili ukuta, akazungumza na ukuta. "Mama, nisikie. Nimekula chakula chako miaka tisa na sijawahi kukutazama usoni mara mbili. Leo nitaivunja nthoni, na anayevunja ni mimi, si wewe. Nitachukua kondoo dume na asali nishuke mwenyewe hadi Mbeere kwa wazee wa ukoo wenu, niseme: mimi Marete nimekosa, nitakaseni. Hiyo faini ninaijua njia yake. Lakini ukifia hapa kwa sababu niliona haya, nitampelekea nani kondoo? Kawira nitamwambia nini?"

Matone ya damu yalisikika kwenye sakafu ya saruji.

"Kondoo asiwe na doa," Ciakuthii akasema.

"Hatakuwa na doa."

"Na asali iwe ya nyuki, si ile ya sukari inayouzwa barabarani."

"Ya nyuki, Mama."

Mama yule akajifunika uso kwa leso, Nelius akamshika mkono, na Marete akafanya kazi yake. Mwaka ule alikuwa ametibu majeraha ya mapanga na watoto walioungua kwa uji. Alichokikuta hapa hakuwahi kukiona. Uvimbe wenyewe alikuwa ameutarajia. Kilichomshinda ni ule ukuta wa ndani wa mwili, laini kuliko shavu la mtoto, ukiwa umebabuka na kumenyeka kama kiazi kilichochemshwa kupita kiasi, na juu yake donge la pamba na unga mgumu wa kijivu. Alilitoa, akalinusa, akalichovya kwenye maji kwa ncha ya kibano, maji yakawa ya utelezi.

"Nani aliyekuwekea magadi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mkwe tena.

"Ni kinga," sauti ikatoka chini ya leso. "Ni ya kuamsha askari."

"Ni magadi na majivu. Unajipika, Mama. Unajipika mbichi."

"Na ile mizizi?"

"Mizizi gani?"

Nelius, aliyekuwa ameielewa habari nzima mara moja, akaachia mkono wa mgonjwa, akatoka nje, akatapika kwenye ua.

Marete akazuia damu kwa shashi, akamtundikia maji ya mshipani, na alasiri hiyohiyo gari la wagonjwa likampeleka Meru. Hakuna aliyeitisha barua. Walimpokea jinsi alivyo.

Daktari aliyemhudumia huko aliitwa Gacheri, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu. Akachukua kipande kidogo cha uvimbe, kikachunguzwa kwa hadubini, na baada ya majuma mawili akaketi kitandani pa mgonjwa, karatasi mkononi, akamwambia jina lake: saratani ya mlango wa kizazi, imekwisha kutoka kwenye mlango wenyewe, lakini haijafika mbali pasipofikika. Inatibika, akasema, kwa mionzi na dawa, huko Nairobi; kupona hakuahidi.

Ciakuthii hakuuliza kuhusu kufa. Aliuliza: "Daktari, askari wangu walilala?"

"Nani alikuambia walilala?"

Akamweleza. Daktari alisikiliza hadi mwisho, midomo imekazwa kama mtu aliyeumwa na jino, kisha akaigeuza ile karatasi.

"Aliyekitazama kipande chako ameandika hapa alichokiona. Chembe nyeupe za damu, hizo mnazoziita askari, zimejaa pembezoni mwa uvimbe, safu kwa safu. Nyingine zimeingia hadi ndani. Mwili wako umepigana, Mama Kawira. Ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachopita kati ya mume na mke. Wanawake wengi hukipata, na kwa wengi askari hukimaliza baada ya mwaka mmoja au miwili, mwenyewe asijue. Kwako kilibaki miaka mingi. Lakini hawakulala."

"Basi kwa nini wameshindwa?"

"Kwa sababu saratani ni mwili wako mwenyewe ulioasi, haiji na sura ya mgeni. Chembe zake huvua ile alama ambayo askari huitambua. Nyingine huweka nje ishara inayomwambia askari: hapa ni kwema, rudi. Na mbaya zaidi, huwaita askari wa aina nyingine, wale ambao kazi yao ni kutuliza ghasia, waje kuwazuia wenzao. Askari wamefika mlangoni. Wamedanganywa. Sasa huyo mtu wako na kikopo, hata kama angekuwa na dawa ya kuongeza askari elfu, wangefika hapohapo na kudanganywa vilevile. Ziko dawa zinazouondoa ule udanganyifu. Ni mpya, ni adimu, na hapa kwetu bado hazijafika kwa mtu kama mimi na wewe. Magadi si mojawapo."

Alipobaki peke yake, Ciakuthii aliweka kiganja chini ya kitovu. Miezi minane alikuwa amekitazama kile kiungo kama shimo la taka. Alikuwa amekisugua kwa sabuni ya nguo, amekichoma kwa magadi, amekiombea kiwe cha mtu mwingine. Na muda huo wote kilikuwa kikipigana kwa ajili yake, kimyakimya, kikidanganywa mlangoni kama alivyodanganywa yeye langoni. Tena zile chembe nyeupe, zilizosimama kwenye ngozi ile ya ndani, ndizo alizozimwagia moto kwa mkono wake mwenyewe na kusema ahsante. Kinyaa hakikumtoka. Kiligeuka tu, kama ng'ombe anavyogeuka zizini, kikaelekeza pembe upande mwingine.

Mionzi ilichukua majuma mengi. Ilimharisha, ikamkausha, ikamwondolea hamu ya kila chakula isipokuwa viazi vya kuchemsha bila chumvi. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, Daktari Gacheri akampima, akasema uvimbe hauonekani; arudi baada ya miezi mitatu, kisha mitatu mingine, na hivyo kwa miaka. Akarudi Timau amekonda, uvundo umekwisha. Marete alikuwa amekwisha kushuka Mbeere na kutakaswa. Wakaendelea kupishana njiani kama zamani.

Mwisho wa mwezi Ciakuthii alifika langoni pa shamba kuomba kazi yake. Bundi alikuwapo, kola ileile. Alimwona kabla yeye hajamwona.

"Akina mama, huyo! Huyo anakuja!" kipaza sauti kikalia. "Si mnamjua? Si alikuwa ananuka? Mizizi mliyoiona ni yake! Alitumia Kinga Kuu, sasa mtazameni, mzima! Mama, simama hapa. Toa ushuhuda."

Akamwekea kipaza sauti mdomoni. Umati ukageuka: wapangaji, wakata maua, mlinzi wa lango, wanaume wawili wa pikapu, Nelius. Ciakuthii alilisikia jina lake na uvundo wake vikitajwa pamoja mbele ya wanaume, na akahisi miguu ikitaka kumkimbiza. Hata pale ambapo angetaka kusema, hakuwa na maneno safi ya kulisema jambo lile, kwa kuwa lugha ya kwao ilikuwa imeyafunika yote.

Akalitumia lililo chafu.

"Nilijitia magadi ukeni," akasema, na kipaza sauti kikapeleka neno hilo hadi barabara ya lami. "Mtu huyu aliniambia. Nyama yangu ikapikika, ikamenyeka, ikaoza, ikatoka. Nikaiokota, nikamletea. Akaiweka kwenye meza hii. Ile mizizi mliyoiona mkasema Bwana asifiwe, ilikuwa mimi. Uvimbe ulibaki ndani, ukakua, ukala. Ulitolewa kwa mionzi Nairobi. Mkwe wangu Marete alinifunua kwa macho yake mwenyewe, na kama asingefanya hivyo ningekuwa kaburini sasa. Huyu anauza majivu."

Bundi alikuwa ameshanyakua kipaza sauti. Akacheka kicheko cha mtu aliyezoea.

"Shetani hutumia hata waliopona! Amesema mwenyewe ilitoka, sivyo? Amesema uwongo? Ilitoka!"

Na hapo, msomaji, likatokea lile ambalo umri wangu wote haujanifundisha kulivumilia. Baadhi yao wakatema mate wakaondoka. Mlinzi akamtazama Ciakuthii, akashika pua kwa mzaha. Nelius akapiga kikopo kimoja teke, kikaangukia mtaroni. Lakini wengine watatu, wanawake wenye akili zao, waliosikia kila neno, wakatoa leso zao, wakafungua mafundo, wakanunua.

Mmoja wa hao watatu alikuwa Phyllis, msichana wa miaka ishirini na minane wa banda la kukata, mama wa watoto wawili. Alijaribu kupita upande akiwa amekificha kikopo kwapani. Ciakuthii akamshika kifundo cha mkono.

"Ni ya nani?"

"Ya shangazi, Mama."

"Shangazi yuko wapi?"

Phyllis akatazama chini. "Ni damu kidogo tu," akasema. "Baada ya... kidogo tu, Mama. Si kama yako. Hainuki."

"Yangu nayo haikunuka mwanzoni."

Wakatelemka pamoja kuelekea kituo cha afya, ambako muuguzi alikuwa amerejea kazini. Kazi ya bandani Ciakuthii ataiomba kesho. Hakumwachilia mkono njia nzima, kama anavyoshikwa mtoto karibu na mto. Walipoketi kwenye benchi, Phyllis alikuwa bado amekibana kile kikopo kwapani, kwa maana alikuwa amekilipia. Ciakuthii alikitazama kama aliyemezeshwa kitu kilichooza. Hakukinyang'anya. Alihesabu waliokuwa mbele yao katika foleni: walikuwa wanne.